Ukumbi Uliokataa Kuwa Mtupu

Kwa miaka minne Endah Palupi aliwafuata waigizaji wa kundi la Kembang Wetan, kamera begani, kutoka arusi hadi sherehe ya tohara, katika vijiji vya Jombang. Kundi hilo lilicheza ludruk: vichekesho, nyimbo na visa vya kuliza watu, na nafasi zote za kike, tangu bibi arusi mpaka mama mkwe, zikichezwa na wanaume waliojipodoa. Sasa filamu yake ya maisha yao ilikuwa imeshaunganishwa, dakika themanini. Kilichobaki ni sauti na rangi. Patu za shaba zilisikika kama masufuria yanayoporomoka ngazini, na fundi wa sauti wa Surabaya alitaka rupia milioni arobaini kuimaliza kazi yote.

Hakuwa nazo. Pikipiki alishaiuza. Mama yake aliacha kumuuliza ataolewa lini, akaanza kumuuliza filamu itaisha lini, na Endah akaona hiyo nayo ni nafuu.

Ndipo ikaja barua kutoka mfuko mmoja wa ufadhili wa mji mkuu. Filamu wameipenda, na fedha zote watatoa, ila mwisho wake haujawagusa. Watazamaji waone sanaa inayokufa. Je, haiwezekani mzee Markaban aonekane ameketi peke yake katika ukumbi mtupu?

Endah aliisoma mara tatu. Kundi lenyewe halikuwa na dalili ya kufa. Lilishaalikwa huku na huku mpaka karibu na mwezi wa kufunga. Lakini mwenye njaa hana miiko. Kesho yake asubuhi akaenda na kamera kwenye ukumbi wa kijiji, kundi linapofanyia mazoezi.

Cak Markaban, yaani Kaka Markaban kwa lugha ya huko, mchekeshaji mkuu wa kundi, alikuwa na miaka sitini na tisa na tumbo lililomtangulia kila mlangoni.

"Unataka nikae tu?" aliuliza.

"Ukae tu, Cak. Peke yako. Uangalie viti."

"Nisichekeshe?"

"Usichekeshe."

"Basi leo umenipa kazi ngumu."

Akakaa. Dakika haijaisha, Bu Katemi, mama muuza tofu ya soya, akachungulia na kapu lake. "Cak! Mbona umekaa kama mtu aliyefukuzwa na mkewe?"

"Nyamaza, napigwa picha. Mimi hapa ni mpweke."

"Mpweke na deni langu la tofu la juzi!"

Wakaanza upya. Safari hii wakaingia wapiga ngoma wawili kutazama kama ngozi zimepata unyevu. Mara ya tatu wakaja wanawake wa jirani, wamesikia Cak kakaa ukumbini haongei, na mmoja keshamletea chai ya tangawizi akidhani anaumwa. Nyuma ya kamera Endah alicheka hadi picha ikatikisika. Mwishowe akaizima, akaketi sakafuni, akawaeleza yote: fundi, milioni arobaini, na barua.

Cak Markaban alikunywa chai yake kwanza. "Kwa hiyo wanataka nife."

"Si wewe, Cak. Sanaa."

"Ikifa sanaa, mimi nitakula wapi? Mwanangu, miaka minne umekula kwetu, umelala kwetu, umenipiga picha hata nikipenga kamasi. Hukupata mdomo wa kusema huna pesa?"

"Niliona aibu."

"Aibu! Mimi suruali iliniporomoka jukwaani mbele ya wakwe zangu, nikamaliza onyesho, nikapitisha kofia nichangiwe. Wewe unaniambia aibu?"

Jumapili iliyofuata, alasiri, kundi likacheza uwanjani bila kukodiwa na mtu. Desturi ya huko ni kwamba anayetaka kusifiwa humpa mwimbaji noti pamoja na kikaratasi, na jina lake huimbwa. Cak Markaban akatangaza kuwa leo jina litaimbwa, kisha litaandikwa mwishoni mwa filamu, na huko halifutiki.

Kisha akatokea amevaa kofia ya Endah, boksi la tofu jichoni mwake kama kamera, akiwanyatia wenzake amepinda mgongo. "Endelea kula, usinijali! Mimi sipo hapa! Kijiko kipandishe tena, taa ilikuwa mbaya!" Uwanja ukavunjika mbavu. Endah alijifunika uso kwa mikono yote miwili, maana ndivyo alivyokuwa hasa.

Vikaratasi vikamiminika. Bu Katemi alileta majina mawili, lake na la marehemu mumewe.

"Marehemu naye anachangia?" Cak Markaban akauliza kwenye kipaza sauti.

"Maisha yake yote alitazama bure. Leo nimemlipia!"

Mkuu wa kijiji, Bwana Wiyono, alitoa bunda nene kuliko wote, akataka jina lake liwe la kwanza.

"Majina yatafuata herufi, mheshimiwa. Wewe uko mkiani."

"Basi niandike A. Wiyono."

"A ni ya nini?"

"Aliyetoa Nyingi!"

Endah akaitwa jukwaani. Alikuwa na hotuba kichwani, ikapotea yote. "Katika filamu hii," akasema, "hakuna mtu anayekufa."

"Hata mimi?" akauliza marehemu wa onyesho la siku hiyo, akiinua kichwa kutoka kwenye jeneza lake la maboksi. Watu wakalipuka upya, na noti zikazidi.

Fedha hazikutosha, zilifika nusu na kidogo. Lakini habari ilikuwa imeshatoka. Vijana wa kijiji walioko viwandani Surabaya wakatuma, na mabinti wanaofanya kazi za nyumbani Taiwan na Hong Kong wakatuma, wengi wakiomba yaandikwe majina ya mama zao badala ya yao. Miezi miwili haijaisha, fundi wa sauti alipata malipo yake. Kwa mfuko wa mji mkuu Endah aliandika barua fupi ya heshima: ameshukuru, amejaribu, ukumbi umekataa kuwa mtupu.

Filamu ilionyeshwa kwanza ukumbini humo humo, baada ya sala ya magharibi. Patu zililia kama zilivyolia siku zilipopigwa, mpaka wapigaji wenyewe wakatazamana. Cak Markaban alilalamika kwamba kamera imemwongezea tumbo. Majina yalipoanza kupanda kwenye pazia, mia sita na kumi na nne, hakuinuka mtu. Waliyasoma kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, na kila ukoo ulishangilia wa kwake.

Yalipokwisha, mwanamke mmoja akaingia mbio, mtoto mgongoni; amechelewa, na jina la mama yake limeshapita.

"Rudisha!" wakapiga kelele.

Endah akayarudisha tangu mwanzo, kisha akaketi mkekani kati ya Bu Katemi na sinia la ndizi za kukaanga, akachukua moja, ikiwa bado ya moto.