Je, Friji Inafanya Kazi?

Kila asubuhi Mama Pacha alikuwa na dakika ishirini za kupiga deki. Alianza chumba cha kujifungulia, akaja korido, akamalizia chumba cha sindano, na maji machafu aliyamwaga nyuma ya jengo huku akikimbia. Kisha alinawa mikono, akavuta kigoda, akakaa na kuegemeza mgongo kwenye ubavu wa friji ya chanjo. Friji ilikohoa mara mbili, taa ya kijani ikawaka, mota ikaanza kunguruma. Kipimajoto cha mlangoni kilikuwa kimefika nyuzi saba. Kiliporudi tano, Mama Pacha alifumba macho.

Ilikuwa hivyo kwa mwezi wa nne sasa, tangu betri za sola zilipokufa. Siku ile alikuwa amechoka tu, akaegemea kilichokuwa karibu. Sista, muuguzi mkuu wa zahanati, alisikia mngurumo, akaja na kalamu sikioni. Aliutazama waya wa friji uliolala sakafuni bila kuchomekwa popote, akautazama mgongo wa mfagizi wake.

"Usiinuke kwanza," alisema.

Wiki iliyofuata alikuja fundi wa friji. Alimgusisha Mama Pacha kipimo begani, akasoma, akasema umeme huo ni safi, haurukiruki kama wa mjini. Akasaini daftari la matengenezo, akaenda zake.

Kwa hiyo Mama Pacha alihamia pale. Usiku alilala kwenye mkeka, unyayo mmoja ukiigusa friji. Usiku kuna ubaridi, unyayo ulitosha. Mume wake, fundi viatu, aliwaleta mapacha mara tatu kwa siku, mmoja mbele na mmoja mgongoni, wanyonye. Walikuwa na miezi saba. Mwanzoni walinyonya wakashiba, wakacheua, wakalala. Mwezi wa tatu titi la kushoto lilianza kukauka, lile la upande wa mota. Mapacha wakawa wanagombania la kulia kama abiria wawili wenye tiketi ya kiti kimoja. Mama mkwe wake alikuja kuangalia, akasikiliza mngurumo kwa muda.

"Mwanangu," alisema, "hiyo nayo inanyonya."

Sista alimwongezea Mama Pacha kikombe cha uji. Kikombe kilisaidia siku tatu.

Tumaini lilikuwa kwenye nguzo. Nguzo za umeme zilitoka bwawani kwenda kiwanda cha saruji, na zingepita hatua themanini nyuma ya zahanati. Wakubwa walikuwa wanarekebisha sekta ya nishati, na ndani ya marekebisho hayo mlikuwa na orodha: kila zahanati na kila shule isiyo na umeme, ikiwa kando ya njia ya nguzo, ingewekewa transfoma. Wa kujaza orodha alikuwa mshauri kutoka nje, ambaye angepita kituo kwa kituo na fomu yake.

"Akija, wewe hukai hapa," Sista alimwambia Mama Pacha. "Siku moja kabla nitazirudisha chanjo zote mjini. Friji aikute imezima, mlango wazi, buibui ndani akipatikana."

"Buibui nitamtafuta," alisema Mama Pacha.

"Na baada ya hapo, mdogo wangu, unarudi kwako. Unawanyonyesha wanao ukiwa umelala, kama watu."

Mama Pacha aliyarudia maneno hayo moyoni siku nzima. Ukiwa umelala, kama watu.

Mshauri alitarajiwa Ijumaa. Alikuja Jumanne, kwa sababu daraja la kwenda kituo kilichotangulia lilikuwa limekatika. Jumanne ilikuwa siku ya kliniki. Chanjo za surua zilikuwa zimefika jana yake, friji imejaa, na kwenye mabenchi ya nje wanawake arobaini walikuwa wamekaa na watoto wao. Gari jeupe liliposimama, Sista aliingia chumba cha sindano haraka hata kiatu kimoja kikamvuka.

"Toka."

"Chanjo je, Sista?"

"Tunazo dakika ishirini. Toka, Mama Pacha!"

Mama Pacha aliinuka. Friji ikanyamaza, taa ya kijani ikafa. Akatoka, akakaa benchi la mwisho kama mwanamke mwingine yeyote. Mgongo wake aliusikia mwepesi, kama umetuliwa mzigo.

Mshauri alikuwa mtu mrefu, shati limemganda kwa jasho, na Kiswahili alikijua, cha darasani. Hicho kilikuwa kituo chake cha kumi na tisa. Alianza na choo. Akahesabu vitanda. Akapiga picha paa, akauliza kisima kina urefu gani. Sista alimvuta kwa maneno kuelekea chumba cha sindano, lakini fomu ilikuwa na mpangilio wake, na friji ilikuwa swali la thelathini na mbili.

Benchini wanawake walikuwa wanahesabu dakika pia, kimoyomoyo. Muuza mkaa, aliyekuwa na mjukuu mapajani, ndiye aliyefungua mdomo.

"Leo tunakaa naye benchi moja, mheshimiwa mwenye mgongo wa baridi."

"Niache nipumzike, dada."

"Pumzika, nani kakukataza? Mimi nimetoka nyumbani na nyota tu, huyu nimembeba usingizini." Akamfuta mtoto pua. "Surua ilimchukua kaka yake. Nasema tu."

Mama Pacha alitazama miguu yake. Ndani, friji ilianza kupiga king'ora kidogo, kama kifaranga kilichopotea. Maana yake nyuzi saba na nusu. Zikifika nane na kukaa hapo, zile chupa zote zingekuwa za kumwaga, na chanjo nyingine zingekuja mwezi ujao, au mwingine. Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona Mshauri anaingia chumba cha sindano hatimaye, kalamu mkononi, na Sista nyuma yake akiwa amefunga mikono kifuani kama anasali.

Kilikuwa kimebaki kidogo sana. Mtu aandike neno moja tu.

King'ora kikaongeza sauti. Mjukuu wa muuza mkaa alikohoa.

Mama Pacha aliinuka, akapita korido, akajipenyeza kati ya Mshauri na ukuta, akasema "samahani, baba," akakaa kwenye kigoda na kuegemea. Friji ikakohoa mara mbili. Taa ikawaka.

Sista alifumba macho.

Mshauri alimwangalia mwanamke, akaiangalia friji, akasubiri mpaka kipimajoto kikarudi saba, kisha sita. Alikuwa ameona mengi katika vituo kumi na nane.

"Inafanya kazi," alisema.

"Ni yeye!" alisema Sista. "Akiinuka inazima. Andika haifanyi kazi."

"Fomu inauliza kama inafanya kazi. Haiulizi kwa nini." Aliketi kwenye kitanda cha wagonjwa, akajipangusa shingo. "Nikiandika hapana, wakaja wakaguzi wakaikuta inanguruma, wataifuta orodha nzima. Vituo vyote kumi na tisa." Akageuza ukurasa. "Kuna mahali pa 'chanzo kingine cha umeme, taja.' Nitakutaja, mama."

Aliandika kwa muda, kwa uangalifu, akiuliza tahajia ya neno mfagizi. Kisha akauliza: "Hali ya chanzo. Nzuri, wastani, au mbaya?"

"Nimechoka," alisema Mama Pacha.

Mshauri alifikiri. Akaweka tiki kwenye wastani.

Chanjo ziliendelea hadi alasiri, na hakuna chupa iliyoharibika. Muuza mkaa alipotoka na mjukuu analia, aliinama akamrekebishia Mama Pacha kanga iliyoteleza begani, akaenda.

Barua ilifika baada ya wiki sita. Sista aliisoma kwa sauti, akisimama kila sentensi kupumua. Zahanati ilikuwa imeingizwa kwenye kundi la vituo vyenye umeme. Chanzo chake kilisifiwa kwa kuwa ni cha jamii yenyewe, na kilitajwa kama mfano wa maendeleo ya uchumi kuanzia chini. Ilishauriwa kipanuliwe.

"Wanasema chochote kuhusu likizo?" aliuliza Mama Pacha.

Sista aligeuza barua, akaangalia nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

Basi wakapanua. Kila mwanamke aliyekuja kliniki aliombwa aegemee friji kidogo. Thelathini na mmoja walijaribu. Kwa wengi friji ilikaa kimya; kwa mwalimu wa chekechea ilikohoa mara moja ikaacha, naye akaona haya. Kwa muuza mkaa iliwaka mara moja, na kwa nguvu, hata chupa za rafu ya chini zikafanya barafu ikabidi akae ameegemea bega tu. Alimaliza zamu yake ya kwanza akiwa amekunja uso.

"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi," alimwambia Mama Pacha. "Naomba radhi kwa la benchini."

"Yameisha, dada."

Sasa Mama Pacha alilala kwake siku tatu kwa wiki. Titi la kushoto lilirudi kidogo, si kama zamani.

Nyaya zilivutwa mwezi uliofuata, zikapita nyuma ya zahanati zikienda kwenye saruji. Mmoja wa mafundi wa nguzo, aliyekuwa kambini na mkewe, alimleta binti yake kuchanjwa akiwa bado na mkanda wa kupandia kiunoni. Mtoto alilia, akanyamazishwa. Baba alisikia friji.

"Kumbe hapa mna umeme."

"Tunao," alisema Sista.

"Ah. Ndiyo maana hatukuambiwa tushushe transfoma." Aliwashukuru, akamfunika mtoto kichwa, akatoka kurudi kwenye nguzo yake.

Ilikuwa saa nane, zamu ya muuza mkaa. Aliingia, akanawa masizi, akapiga goti karibu na kigoda na kugusisha bega lake kwenye ubavu wa friji. Mama Pacha hakuinuka mpaka alipomsikia ameegemea sawasawa. Ndivyo walivyobadilishana siku zote, friji isisikie, kama wanawake wanavyopokezana mtoto aliyelala: mmoja haachii mpaka mwenzake ashike.