Mtoto wa Norbert

Kwa akina mume wangu, mtoto hapewi jina la baba yake maadamu baba yungali hai. Kwa hiyo mama mkwe aliponiuliza kichanga changu kitaitwaje, nilijua vizuri anachouliza. Nikajifanya nashughulika na sufuria.

Norbert, mume wangu, alitoka Minago na karabai yake kwenda kuvua, wanajeshi wakiwa wamekwisha kataza taa ziwani kwa sababu ya vita. Bila taa, ndagala, wale samaki wadogo, hawaji, na sisi tulitaka kula. Tulisikia risasi. Mtumbwi ulipatikana Kabonga, mtupu. Sikulia. Nilianika mihogo, nikauza mawese, na majirani wakasema nina roho ngumu. Waache waseme, midomo ni yao.

Siku hiyo ya kuulizwa jina, alikuja Mwalimu Cikuru kumwona mtoto. Yeye alikimbia kutoka Uvira, akawa anawafundisha wavuvi, Norbert akiwemo, Kiingereza barazani kwetu. Nikamuuliza jambo ambalo Norbert alinisimulia akicheka, kwamba jina lake lina mwanga ndani yake. Nilidhani ni mzaha wa wanaume.

"Ni kweli, Mama Elda," akasema. "Waingereza wanasema *bright*. Taa iko bright, rangi iko bright, hata mutoto mwenye akili iko bright. Ni neno la zamani sana. Watu wa kale kule Ulaya walilitamka *bert*, wakalitia mwisho wa majina: Albert, Robert. Kwa Norbert, ile ya mbele ni kaskazini. Mwangaza wa kaskazini."

"Mwangaza," nikasema. "Na ndiyo sababu walimupiga risasi. Waliona taa."

Nilikuwa sijawahi kusema hivyo mbele ya mtu. Mwalimu akainamisha kichwa. Mama mkwe akaacha kupepeta mchele.

"Basi mutoto anaitwa nani?" akauliza tena, polepole.

Nilimtazama mtoto. Alikuwa amelala, ngumi zimefumbwa. Sikuhisi kitu, wala uchungu, wala hasira. Ni kama mkono uliolaliwa usiku kucha.

"Norbert," nikasema.

Mama mkwe akaangua kilio, akamwita mwanawe kwa sauti. Majirani wakaanza kuingia uani na mikeka yao, kukaa matanga. Mtoto akaamka kwa kelele. Nikampa titi, nikawasogezea wageni viti kwa mguu.