Likizo ya Mkono wa Kushoto

Mke alikuwa kwenye foleni ya ofisi ya mpakani tangu saa moja asubuhi, mwavuli kwapani, alipoitwa dirishani kupokea mkono wa mumewe. Ulikuwa wa kushoto, mzima, na saa yake. Kibali kiliandikwa siku nne.

Mume alikuwa ameomba ruhusa aje kumuuguza mamake, ambaye hali yake ilikuwa mbaya. Msimamizi wa kiwanda huko ng'ambo alimsikiliza kwa adabu zote, akamweleza kuwa mashine ya kufunga makopo hubonyezwa kwa mkono wa kulia. Wa kushoto hauna kazi; huo uende. Heri nusu shari kuliko shari kamili, mke alijiambia, akaupakata hadi nyumbani. Miaka sita mkono ule haukuwa umemgusa. Alilia kidogo, akanyamaza.

Mama mkwe alikuwa haoni tena. Alipapasa kiganja, akapanda hadi kwenye kiwiko, akapanda tena, akakosa bega.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Wameruhusu huu tu, mama."

"Ndiyo ananisalimia kwa kushoto?"

"Wa kulia uko kazini."

Mama mkwe alitafakari. "Haya. Yote miwili nimeizaa mimi."

Mkono ulimgeuza kitandani, ukamnywesha uji, ingawa kwa kijiko haukuwa hodari na nusu iliishia shingoni. Siku ya tatu mama alifariki akiwa ameushika. Mume alieleza baadaye kwa simu kwamba alikuwa kwenye mashine alipohisi vidole vya mamake vinalegea, akaomba asimame dakika moja. Alipewa nusu.

Mazikoni majirani waliupa mkono wa pole, mmoja baada ya mwingine, hata wale wasiopenda kushikana kwa kushoto. Kisha ukachota udongo, ukautia kaburini, ukachota tena na tena mpaka mke akauzuia, maana kibali kilikuwa kinaisha jioni ile.

Mpakani afisa alilinganisha alama za vidole. Zilikuwa zenyewe. Akainamia kucha.

"Udongo hauruhusiwi kuvuka, dada."

"Ni wa kaburi la mamake."

"Poleni sana," alisema, na ilionekana amehuzunika kweli. Akatoa brashi ndogo kwenye droo, akasugua kucha zote tano hadi zikang'aa, ndipo akagonga mhuri.