Neno Nililomnyima Mfalme

Usiku wa jana, ubavu haujazoea godoro, niliota nimo ndani ya kikatuni cha karne ya kumi na tisa, vile walivyokuwa wakichapa Ulaya kuwasuta wakubwa kwa sura za vyakula. Humo kila kitu kina maandishi yake, na kilivyoandikwa ndivyo kilivyo.

Mfalme ni boga, kaandikwa NJAA. Waziri wake ni kipande cha jibini, kaandikwa ADABU. Mezani kuna pai kubwa kama nyumba, imeandikwa RAIA.

Nachungulia kwenye ufa wa pai. Mtaa wetu mzima umo! Mwanakombo, jirani yangu muuza vitumbua, mchuzi wa siagi umemfika kidevuni.

"Shoga, Mzee Shekue kaposa tena," ananiambia. "Tutoe kwanza, ndipo nikumalizie umbea."

Mtaa ukiliwa, nani atakaa barazani kwangu? Mimi mwenyewe sina maandishi, mchoraji kanisahau. Naokota mkaa, najiandika kifuani: MWENYEJI.

Mfalme anaweka uma chini. "Basi tukaribishe," anasema. Mgeni haanzi kula mpaka mwenyeji atamke, hata akiwa boga.

"Chakula hakijapoa," najibu.

Kwenye kikatuni maneno hutoka mdomoni kama puto, kila mtu akayasoma. Puto langu linaelea juu ya taji. Mfalme analisoma mara mbili, anangoja.

"Mama, sifa zako tumezisikia," anasema Waziri Jibini. "Kwako hapakauki watu. Leo kulikoni, neno moja tu?"

Hapo kanipatia. Tangu nizaliwe sijapata kumnyima mtu neno la karibu. Puto jipya linaanza kunivimba mdomoni: KARI... Nalimeza zima zima, linanikwaruza koo.

Nyuma yao majirani wanatoka kwenye ufa mmoja mmoja, viatu mkononi. Mwanakombo ndiye wa mwisho, naye anasimama.

"Mfalme, samahani. Eti ni kweli mkeo karudi kwao?"

"Mwanakombo, toka!"

Anatoka, kanuna. Ndipo namgeukia Mfalme.

"Haya. Karibuni."

Waziri anakata pai. Ndani hewa tupu.

"Imeiva vizuri," anasema Waziri, kwa adabu.

Nikaamka. Asubuhi nilimkuta Mwanakombo uani kwake, anajisugua mikono kwa majivu.

"Shoga, hebu ninuse," akasema. "Tangu niamke nanuka siagi, na vitumbua vyangu nakaanga kwa mafuta."