Nafasi Nne Bomani kwa Bura

Jioni, ng'ombe wakiingia bomani, Homa alipiga hodi kama kawaida yake. Ni mwanamume mwembamba, mgolole begani, fimbo mkononi. Alipita mlango wa Getruda, mke mkubwa wa Bura, bila hata kugeuza shingo. Akainama, akaingia kwa Scolastica, mke mdogo, akaketi kando ya Eva, mtoto pekee wa mama huyo. Mtoto akaanza kutetemeka. Scolastica alimpa mgeni maziwa, maana mgeni hanyimwi.

Mambo yalianza baraza la madiwani lilipopitisha sheria ndogo ya bima ya afya ya watoto. Kila boma lilipewa nafasi nne, kuanzia mtoto mkubwa. Getruda ana watoto wanne, basi hesabu ikaishia mlangoni kwake. Bura hakuona ajabu. Bomani hata kukamua huanzia nyumba kubwa. Homa, ambaye zamani aliingia popote, akaifuata sheria kuliko watu wengi wa tambarare ile.

Scolastica akashikwa na wivu. Aliwaonea wivu watoto wa mwenzake wakikimbizana na ndama. Aliwaonea wivu hata kwa makamasi yao, ambayo yalikauka yenyewe.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mtoto anaendeleaje?"

"Si unamsikia."

"Pole, Mama Eva. Ndiyo hivyo, mgeni njoo, mwenyeji apone."

Getruda akacheka, jamani. Mtoto wa mwenzake anatetemeka, yeye anacheka.

Scolastica akambeba Eva mgongoni mpaka kwa diwani, mzee Sebastiani. Diwani alimgusa mtoto paji la uso, akalipeleka jambo barazani. Mwanasheria akaeleza kwamba kuongeza nafasi ni kubadili sheria, na hilo lina mlolongo mrefu. Ila kuhesabu kuanzia mtoto mdogo badala ya mkubwa ni marekebisho ya kitaalamu tu. Yakapita kabla ya chai.

Jioni ile Homa alisimama katikati ya boma, akajikuna kidevu, kisha akaingia kwa Getruda. Akaketi kando ya Theodory, kijana wake wa kwanza. Kule nyumba ya pili Eva aliamka, akaomba ugali. Scolastica alifurahi mpaka akaona aibu. Aibu ilipopita, akaenda kukamua huku anaimba.

Theodory akakonda. Sasa ilikuwa zamu ya Getruda kukosa usingizi kwa wivu. Alilitazama tumbo la mwenzake, ambalo lilikuwa limeanza kujaa, akajua kwamba huyo atakayezaliwa atamsukuma nje mwanawe mwingine.

"Mama Eva, hilo tumbo umelipata makusudi," alimwambia.

"Muulize Bura," alijibu Scolastica.

Bura hapendi kelele. Alisema mgeni asiyeondoka hujengewa nyumba yake. Akakata miti, akaisimamisha katikati ya boma, na wake zake wakaanza kukandika kuta kwa udongo na samadi, kila mmoja upande wake. Homa alikaa pembeni akisubiri, amempakata Theodory.

Walibishana jambo moja tu: mlango utazame wapi. Scolastica hakutaka uelekee kwake, akaziba upande wake wote. Getruda naye akaziba wa kwake.

Nyumba ikakamilika bila mlango. Homa aliizunguka, akawashukuru kwa kazi, akamnyanyua Theodory, na wakarudi kulala kwa Getruda.