Maker Hali Mbele ya Mkwewe

Nyumba ya Maker pale mtaa wa Atlabara ilikuwa na matumbo mawili. La mkewe Atong lilikuwa na mtoto ndani, na kila mtu alijua litashuka lini. La Maker lilikuwa na chapati, fuul ya maharage, mbavu za mbuzi na soda za miaka yote tangu amani itiwe saini na yeye arudi kutoka Nakuru, na hilo hakuna aliyejua litashuka lini. Kila asubuhi viatu vilileta kesi. Zamani Atong ndiye aliyemfungia kamba, lakini sasa naye hakuweza kuinama, basi wakabaki wanatazamana huku viatu viko sakafuni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema wahenga, nao walisema hivyo kwa kuwa hawakupata kumwona Maker. Mwishowe akanunua makubadhi.

Mambo yangeishia kwenye makubadhi kama si Serah, muuguzi Mkenya wa kliniki aliyokuwa akienda Atong. Siku moja Maker alimsindikiza mkewe, na Serah, kwa utani tu, akamfunga kile kitambaa cha kupimia presha. Alipoona namba, utani ukamwisha. Akapima mkono wa pili.

"Baba, hii presha ni mbaya," alisema. "Punguza huu mwili. La sivyo siku moja utaanguka, na sidhani utaamka."

"Nitapunguza, sista," Maker akajibu kwa heshima zote. Njiani akasimamisha gari anunue sambusa za kujipoza moyo.

Atong hakuzigusa. Alilia kimya kimya mpaka nyumbani, kilio cha mtu aliyekwisha kujiona mjane. "Nataka mtoto wangu akukute," alisema. Maker aliumia sana, kwani alimpenda mwanamke huyu kuliko hata pilau. Akaapa kwa jina la marehemu baba yake kwamba ameacha ulafi. Kabla wiki haijaisha, dereva wake alimkuta nyuma ya ghala la kazini akiwa na mguu wa mbuzi na pilipili ya kuchovya.

Atong hakugomba. Alichukua simu, akampigia mama yake kule Bor.

Agum alifika kwa boti, mama mrefu, mkavu, mgongo umenyooka, Kiswahili chake cha kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Alisema amekuja kumsaidia binti yake kujifungua. Akaangalia nyumba, akaangalia uwanja, kisha akatandika kitanda chake chini ya rakuba, kile kibanda cha kivuli kilichokuwa mbele ya mlango. Akiwa pale aliliona jiko, aliliona lango, na aliuona mlango wa chumba cha kulala.

Hapo Maker akakumbuka mwiko. Kwao Wadinka mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake. Haonekani akitafuna, wala hasikiki akitafuna, mpaka siku mama huyo amfungulie kinywa kwa kumchinjia mbuzi. Mengi ya kwao Maker hakuyajua, maana alikulia Kenya na hata Kidinka chake kilikuwa cha kusalimiana tu. Lakini hili baba yake alimfundisha mapema. Mtu anaweza kusamehewa wizi, alimwambia, lakini mkwe aliyeonekana na tonge shavuni atasimuliwa mpaka wajukuu wazeeke.

Basi maisha yakageuka. Lile sinia lake, ambalo mtoto angeweza kuogea ndani yake, lisingeweza kupita mbele ya Agum bila aibu. Atong akawa anamletea chakula kwa bakuli dogo, amelificha chini ya kitenge, naye anakula chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda kama mgonjwa. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba. Kila tonge la kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, alilitafuna polepole hadi likawa uji, sauti isije ikatoka. Agum akikohoa nje, taya la Maker lilisimama palepale. Ajabu ni kwamba bakuli lilipokuwa linaisha, na njaa nayo ilikuwa imeisha, jambo ambalo Maker hakupata kuliona tangu azaliwe.

Chakula cha jioni kililiwa jua likiwa bado juu. Baadaye Agum alivuta kitanda chake karibu na mlango, na nani angemruka mama mkwe kwenda kutafuta chipsi? Njaa ikimsumbua alikunywa maji. Maji hayakuwa na mwiko, basi akayanywa mpaka tumbo likawa linachezacheza akigeuka.

Kisha likaja suala la gari. Agum alipenda misa ya asubuhi kule Kator, na mkwe hawezi kubanana na mama mkwe ndani ya gari moja.

"Atong, mwambie mumeo," Agum alisema, ingawa Maker alikuwa amesimama hapohapo, "kama gari ina kazi, mimi nitatembea. Miguu iko."

Mkwe gani angekubali? Maker akatoa gari, akaenda kazini kwa miguu hadi bandari ya mtoni, alikokuwa akipokea mizigo ya shirika moja la misaada kutoka kwenye matishari. Siku za kwanza alifika amelowa jasho, akiwalaani watu wote wa Bor kimoyomoyo. Halafu akazoea. Halafu mkanda ukahamia tundu la ndani, na yeye akadhani ngozi yake imelegea kwa jua.

Karibu na bandari palikuwa na hoteli ya mahema, na msimamizi wake alikuwa Jethro, Mkenya, rafiki wa siku nyingi.

"Maze, Maker, umekonda! Kwani kwako hawakupi chakula?"

"Napewa, lakini nakula kama mwizi. Mama mkwe yuko."

"Kaa hapo. Hapa hakuna mama mkwe."

Mbavu zikaja zinachuruzika mafuta, na kachumbari kando. Maker akainua ubavu mmoja, akaunusa akiwa amefumba macho, akakaribia kutokwa na machozi. Alipofumbua, Agum alikuwa anakuja kando ya mto, mrefu kuliko kila mtu, na furushi la samaki wakavu kichwani. Kumbe ndugu zake walimtumia mzigo kwa boti.

Maker alikimbia. Hakuaga, hakulipa, hakuutua ubavu. Alipita chini ya kamba za mahema, akakata katikati ya malori ya maji yaliyokuwa yakijaza mtoni, watu wakipiga kelele, na mbwa mmoja aliyenusa bahati akimfuata nyuma. Alisimama kwenye lango la ofisi yake. Akashika kifua, akingoja kimbane kama kilivyombana siku zote hata akishuka tu garini.

Hakikubana. Alikuwa anahema, ndiyo, lakini anahema kama watu wengine. Akasimama pale akiishangaa miguu yake, akafurahi, na tena akaogopa kidogo, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani na hajui mwenyewe ni nani. Ubavu ule akampa mbwa.

Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Pale kliniki Serah akampima Maker presha bila kuombwa, akaitazama namba, akamtazama na yeye.

"Umetumia dawa gani?"

"Mama mkwe," Maker akasema.

Walipofika nyumbani walikuta mbuzi mweupe amefungwa kwenye nguzo, jirani yao Wol ameshika kisu, na majirani wamejaa uwanjani. Kwa mara ya kwanza Agum alimtazama mkwewe usoni.

"Maker, mtoto amekuja. Leo nakufungulia kinywa. Utakula mbele yangu mpaka ushibe." Vigelegele vikapigwa. Mate yalimjaa Maker mdomoni, kwani mbuzi huyu alimwota usingizini na akiwa macho. Agum akaongeza, "Na nisikudanganye. Ningekufungulia siku ileile niliyofika. Atong ndiye alinikataza. Alisema, mama, wewe njoo ukae tu."

Maker akageuka kumtazama mkewe. Kikulacho ki nguoni mwako! Hasira ikampanda.

"Nilikuwa naogopa," Atong alisema, amemkumbatia mtoto. "Ukilala nilikuwa nasikiliza kama bado unapumua."

Hasira ikashuka yote. Maker akamtazama mbuzi, akamtazama binti yake aliyelala mdomo wazi, kisha akalitazama tumbo lake, na tumbo hilo alilijua vizuri: likifunguliwa leo, kesho litadai sinia.

"Mama," alisema, na neno hili lilimuuma kwelikweli. "Msimchinje mbuzi. Nifungulie siku mtoto akianza kutembea."

Wol akashusha kisu.

"Huo ni kama mwaka," Agum akasema. "Na shamba langu kule Bor?"

"Nitatafuta mtu wa kulilima. Kaa, Mama. Nakuomba."

Agum akaketi kitandani kwake chini ya rakuba, akanyoosha mikono apewe mjukuu.

"Haya, mpelekeeni chakula chumbani," alisema. "Na kiwe kidogo."