Mlima Niachie Mimi

Ukumbi wa shule ya Runcal, kijiji cha milima ya theluji, ulijaa pomoni jioni ile ya Machi. Kijiji kizima kilikuja kusikia jambo moja tu kutoka kwa Flurin Cadalbert: tuhame au tusihame? Flurin ndiye mwanajiolojia wao, mtoto wa pale pale, na kwa miaka ishirini alikuwa akipima joto la barafu iliyomo ndani ya mwamba wa mlima Piz Muntal, ule unaoning'inia juu ya mapaa yao.

"Mwamba utaanguka," alisema. "Barafu iliyokuwa ikiushika imeyeyuka. Walio chini ya mlima wote wahame mwezi huu."

Watu waliguna, wengine wakalia. Duri, mwenyekiti, akapangusa miwani yake. "Joto hili la siku hizi, jamani! Nani angejua?"

"Nani angejua," wakaitikia.

Hapo moyo wa Flurin ukachomeka, maana aliyejua alikuwepo, na alikuwa yeye mwenyewe.

Miaka kumi na mmoja nyuma, katika ukumbi huo huo, Giachen, mchunga ng'ombe na mtengeneza jibini, alisimama akaomba nyumba mpya zijengwe ng'ambo ya mto. Alisema huko juu malishoni mwamba unadondosha maji mwezi wa Septemba, mahali ambapo hapajawahi kutoka tone. Siku hiyo Flurin alikuwa na vipimo vyake mfukoni, na joto lilikuwa limepanda miaka mitatu mfululizo. Pembeni alikuwa ameandika: kifaa kibovu. Kifaa kibovu, wapi! Mtu aliyezoea kuhesabu kwa maelfu ya miaka, mitatu aliiona si kitu. Tena tuseme kweli, ilimkera kutanguliwa na mchunga ng'ombe.

"Giachen," alisema siku ile, "kachunge ng'ombe, mlima niachie mimi."

Watu wakavunjika mbavu. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, kama ilivyo ada yao, na ombi likaanguka. Tangu hapo familia kumi na tisa zimejenga chini ya mlima. Giachen alibandikwa jina la Bwana Matone, akafa nalo.

Sasa Barla, mjane wake, aliinuka mstari wa tatu. "Msimsumbue Flurin kwa maswali," alisema. "Mlima ni mkubwa kuliko sisi sote. Hata marehemu wangu alikubali kwamba alimvunjia heshima msomi."

Watu wakampigia makofi. Flurin alitamani ardhi ipasuke immeze. Angenyamaza tu, mambo yangeisha, angekwenda zake nyumbani akiwa mtu mwema.

"Barla, kaa kwanza," alisema. "Giachen alisema kweli. Mwaka ule vipimo vilikuwa vinapanda. Niliviona. Nikavificha."

"Flurin, umechoka, baba," Duri akadakia. "Shuka ukapumzike."

"Sijachoka! Nilijua, nikawachekesha!"

Kijana mmoja mwenye mtoto mchanga mapajani, wa mojawapo ya zile familia kumi na tisa, alimkodolea macho bila kupepesa. Lakini Flurin alikuwa akimtazama Barla, na Barla hakukaa.

"Baada ya kura ile," Barla alisema taratibu, "Giachen hakulala siku mbili. Ya tatu akachukua jibini lake bora, lile la miaka miwili, akaja kwako kukuomba radhi kwa kukubishia mbele za watu. Vipimo vyako ulikuwa umeshaviona?"

"Nilikuwa nimeshaviona."

"Ukamwambia nini?"

Flurin alifuta uso kwa kiganja. "Nilimwambia nimemsamehe."

"Na jibini?"

"Nililipokea, Barla. Tukalikata, tukala pamoja."